Mtu wa Upande wa Pili wa Meza

Simama kando ya meza mbili za tenisi ya meza, uwatazame wachezaji wawili wa kiwango kimoja wakifanya zoezi lilelile. Kila mmoja anapiga forihendi, yaani pigo la upande wa kiganja, mfululizo kuelekea kona moja. Kwenye meza ya kwanza mpira unakwenda na kurudi kwa mdundo usiokatika, mapigo ishirini, ishirini na tano. Kwenye meza ya pili unakatika kila baada ya mapigo manne: umegonga wavu, umetoka nje, umekwenda kona isiyohusika, na mtu anainama kuuokota. Wachezaji hao wawili wana mikono inayolingana na bidii inayolingana. Kinachowatofautisha ni mtu aliyesimama ng'ambo ya wavu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme katika zoezi hilo mchezaji anapiga mara moja kila sekunde moja na nusu, na kuokota mpira kunachukua sekunde 8. Mpira ukikatika kila baada ya mapigo 4, dakika 15 zitampa mapigo yapatayo 260. Ukidumu kwa mapigo 20, dakika zilezile zitampa yapatayo 470. Ni karibu mara mbili, na hakuna aliyenunua raketi mpya wala kubadilisha kocha. Rudia hivyo mara tatu kwa wiki msimu mzima, na wale wawili waliokuwa sawa hawatakuwa sawa tena.

Hata hivyo, wingi wa mapigo ndiyo faida ndogo kuliko zote. Kama shida ingekuwa wingi tu, ningekushauri ununue mashine ya kurusha mipira na makala haya yangeishia hapa. Jambo zito zaidi, ambalo wachezaji wengi hawajawahi kuelezwa, ni kwamba katika mchezo huu hakuna pigo linalosimama peke yake. Kila pigo ni jibu la mpira uliokuja. Anayekuletea mipira ndiye anayekuuliza maswali, na mkono hujifunza kujibu maswali uliozoea kuulizwa.

Mpira unaokujia umebeba nini

Mpira wa tenisi ya meza una uzito wa gramu 2.7 na kipenyo cha milimita 40. Meza yenyewe ina urefu wa mita 2.74. Kitu chepesi namna hiyo, kikikwaruzwa na raba inayonata, yaani utando unaofunika uso wa raketi, mkononi mwa mchezaji wa kiwango cha juu, huweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mzunguko huo, ambao wachezaji huuita spini, ndio unaoamua mpira utatua wapi, utachupa vipi baada ya kudunda, na utaelekea wapi ukiigusa raketi yako. Mpira wenye spini ya mbele, unaozunguka kuelekea unakokwenda, ukiuwekea raketi wima unaruka juu. Wenye spini ya nyuma, unaozunguka kinyume chake, ukiuwekea raketi vilevile, unazama wavuni. Ndiyo maana mkono hauwezi kujifunza "forihendi" kwa ujumla wake. Unajifunza forihendi dhidi ya mpira wa aina fulani, wenye kasi fulani, uliotua umbali fulani kutoka wavuni.

Hapo ndipo ubora wa mwenza unapoanza kuonekana, na pa kwanza pa kuutazama ni anavyozuia. Kuzuia ni kuiweka raketi mbele ya mpira wenye kasi na kuurudisha kwa nguvu yake wenyewe. Kwa mtazamaji inaonekana kama kazi ya mtu aliyechoka. Kwa kweli ni ufundi mgumu. Anayezuia vizuri anashika mpini kwa ulegevu, anainamisha uso wa raketi kwa nyuzi chache kulingana na spini iliyokuja, anaugusa mpira mapema tu baada ya kudunda, na anaurudisha mahali pasipozidi ukubwa wa karatasi ya kuandikia, mpira baada ya mpira. Wewe unayepiga huioni kazi hiyo. Unachokiona ni kwamba leo forihendi yako imekubali.

Mwenza asiyejua kuzuia anakujengea mkono mwingine kabisa. Mpira wake mmoja unatua karibu na wavu, unaofuata unatua ukingoni mwa meza, wa tatu unakujia tumboni. Kila mara unalazimika kukatisha mwendo wa mkono ili tu mpira usikupite. Ukifanya hivyo mwezi mzima, mkono unakuwa hodari wa kuokoa. Nimewaona wachezaji wenye pigo fupi, la kubana, lisilofika mwisho wake, wakilaumiwa kwa mbinu mbovu, ilhali pigo lile lilikuwa jibu sahihi kwa mipira waliyoletewa kwa miaka. Ukitaka kulirekebisha pigo la mtu kama huyo, anza kwa kumtafutia mtu mwingine wa kucheza naye, kisha ndipo uzungumzie kiwiko chake.

Mashine haijui ulichofanya

Siwabezi wenye mashine za kurusha mipira. Mashine haichoki, hailalamiki, na inatuma spini ileile mara mia ukitaka. Kwa mtu anayejifunza pigo jipya, au anayerudi baada ya kuumia, ni msaada mkubwa. Vivyo hivyo mazoezi ya mipira mingi, ambapo kocha anasimama na kapu na kukurushia mpira mmoja baada ya mwingine bila kusubiri: hakuna njia bora ya kuisukuma miguu na pumzi. Wanaoanza kabisa, ambao wawili wao wakikutanishwa hawafikishi mapigo matatu, wanahitaji kapu hilo kuliko wanavyohitaji mwenza.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mashine haitoi. La kwanza ni mwili. Mpinzani anapojiandaa kupiga, bega lake, kiwiko chake, kifundo cha mkono na uso wa raketi vinasema mengi kabla mpira haujaondoka. Mchezaji mzoefu anaanza kusogea wakati huo, kwa sababu akisubiri mpira uvuke wavu ameshachelewa. Watafiti wa kriketi waliwahi kuwalinganisha wapigaji wanapokabili mtupaji wa kweli na wanapokabili mashine, wakakuta kwamba muda wa kuanza na kupangilia miondoko yao unabadilika. Macho yaliyozoea tundu la mashine hayajajifunza kulisoma bega.

La pili ndilo kubwa, na ndilo kiini cha mambo yote. Mashine inatuma mpira unaofuata bila kujali ulichofanya na uliotangulia. Umepiga vizuri, umepiga vibaya, umekosa kabisa: unaokuja ni uleule, kwa wakati uleule. Mwenza hawezi kufanya hivyo hata akitaka. Ukimpigia mpira wa kasi, zuio lake linarudi kwa kasi, na kama ulikuwa umeinuka kuufurahia mpira wako, umechelewa. Ukimpigia mpira wa polepole uliojaa spini, unarudi umepaa kidogo, na unapata nafasi ya kuumaliza, mradi miguu yako ilishajipanga. Ukimpigia mpira mfupi kuliko ulivyokusudia, unaona raketi yake inarudi nyuma, na hapo unajua kwamba anayeshambulia sasa ni yeye.

Hivyo kila mpira unaopiga unakuandalia mpira utakaopokea. Wachezaji wazuri wanaujua mnyororo huo mwilini, hata kama hawawezi kuueleza kwa maneno. Wanajua kwamba nikimfungulia forihendi kwa pembe kali, atanirudishia kwa pembe kali vilevile, kwa hiyo hatua yangu inayofuata ni kuelekea huko. Ujuzi huu haupatikani popote isipokuwa mbele ya mtu anayerudisha kwa dhati. Ninaposema mwenza mzuri, namaanisha kwanza mtu ambaye mpira wake unakuambia ukweli kuhusu mpira wako.

Mpira usiotarajiwa, na wakati wake

Katika mechi hakuna anayekuambia mpira unakwenda wapi. Katika mazoezi mengi, mchezaji anajua kila kitu: utakuja kona ile, kwa kasi ile, mpaka mmoja akosee. Kuna raha katika zoezi la namna hiyo, kwa sababu mtu anajiona anacheza vizuri. Ila raha hiyo inadanganya.

Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu aina kadhaa za miondoko ya mkono. Kundi moja lilirudia aina moja hadi limalize ndipo liingie nyingine. Kundi la pili lilichanganyiwa zote bila mpangilio. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baadaye, lililokumbuka vizuri ni lile lililochanganyiwa. Matokeo hayo yamewafanya watu wengi wa michezo kuyatilia shaka mazoezi yanayokwenda laini mno.

Tusikimbilie basi kusema kwamba kila zoezi liwe la kubahatisha. Mtu ambaye pigo lake bado halijakaa, ukimtupia mipira kila mahali, atakachofanya ni kukimbia na kuparaza. Kati ya mpangilio kamili na vurugu kamili kuna ngazi nyingi, na mwenza anayeelewa ndiye anayeweza kukupandisha ngazi moja moja. Chukua zoezi la kawaida: mpira mmoja upande wa bekihendi, pigo la mgongo wa mkono, kisha mmoja upande wa forihendi, unajua zamu. Ngazi inayofuata: mmoja au miwili upande wa bekihendi, kisha forihendi, na hujui ni lini. Inayofuata: bekihendi mara nyingi atakavyo, kisha ghafla katikati, pale kwenye kiwiko ambako kila mchezaji anasitasita. Halafu mpira huru. Mabadiliko hayo hayahitaji kifaa chochote. Yanahitaji mtu anayekutazama.

Mimi hutumia kipimo rahisi. Nikipata mipira tisa kati ya kumi, namwomba mwenzangu aongeze kitu kimoja: kasi, au kutojulikana, au upana wa pembe. Nikikosa zaidi ya nusu, namwomba apunguze. Mwenza mzuri hasubiri kuombwa. Anaona miguu yako imeanza kuchelewa, anapunguza kasi kidogo mpaka pigo lirudi, kisha anaipandisha tena bila kusema neno. Ukiwahi kufanya mazoezi na mtu wa aina hiyo kwa saa moja, unaondoka ukidhani ni wewe uliyecheza vizuri siku hiyo.

Aliye juu yako na aliye chini yako

Dhana inayoharibu mazoezi mengi ni kwamba mwenza mzuri lazima awe mchezaji mkubwa kuliko wewe. Watu hupanga foleni wakimsubiri bingwa wa klabu huku meza ya pembeni ikiwa na mtu anayetamani kucheza nao.

Aliye juu yako ana faida yake, hilo halina ubishi. Mpira wake ni mzito, unakuja mapema, na unakuonyesha mahali mchezo wako unapopasuka. Lakini mbele yake mara nyingi unacheza kwa kujitetea, kwa sababu mpira wako wa kushambulia haupewi nafasi ya kuzaliwa. Ukifanya mazoezi na wa juu peke yao, utakuwa hodari wa kurudisha na utashindwa kumaliza. Tena mkubwa akicheza nawe bila kujali, mpira mgumu mmoja na mwingine, huku mawazo yake yako kwingine, hajakusaidia kitu. Kuna mchezaji wa kiwango cha kati mwenye zuio thabiti ambaye thamani yake kwenye mazoezi inawazidi mabingwa watatu wa namna hiyo.

Aliye chini yako ndiye shule isiyosifiwa. Kwake unajifunza kuanzisha pointi na kuimaliza kwa mpango: sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi, mpira wa pili wake, shambulio lako la mpira wa tatu. Mpira wake hauna mpangilio, mara mrefu, mara wa kupaa, mara hauna spini yoyote, na mpira usio na spini umewaangusha wachezaji wengi waliozoea kutegemea nguvu ya mwenzao. Zaidi ya hapo, unapomzuilia yeye apige, unajifunza kuzuia kweli, kwa sababu mipira yake inakujia kwa kila pembe na ni wewe unayetakiwa kuituliza. Nina hakika kwamba zuio langu lilijengwa na wachezaji waliokuwa nyuma yangu, kwa saa nyingi za kuwafanya wao waonekane vizuri.

Anayelingana nawe ni wa mechi. Huyo ndiye anayekupa 9 kwa 9 za kweli, seti ikiwa inakaribia kuisha, ambazo wawili wa kwanza hawawezi kukupa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Methali hii ya zamani ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila klabu. Mchezo huu una mitindo mingi kuliko michezo mingi ya raketi, na sababu yake kubwa ni raba. Kuna raba laini zinazonata, kuna zenye vinundu vifupi vinavyogusa mpira kwa ukavu, kuna zenye vinundu virefu vinavyopinda. Mchezaji wa vinundu virefu anawachanganya wengi, na sababu yake inaelezeka. Unapopiga mpira wenye spini ya mbele ukazuiwa na raba inayonata, raba hiyo inaushika mpira na kuukatiza mzunguko wake. Vinundu virefu vinateleza, havina nguvu ya kuusimamisha. Mpira unaendelea kuzunguka ulivyokuwa ukizunguka, ila sasa unasafiri kuja kwako. Mzunguko uleule uliokuwa wa mbele wakati unakwenda, kwako unarudi ukiwa wa nyuma. Kadiri ulivyopiga kwa spini nyingi, ndivyo unavyorudishiwa mpira unaozama wavuni.

Ukishasoma aya hiyo umeelewa. Mkono wako haujaelewa chochote. Kanuni zinakuruhusu kuikagua raketi ya mpinzani kabla ya mechi, na zinawapa wachezaji dakika 2 tu za kupasha mwili kwenye meza ya mechi. Dakika 2 hazimfundishi mtu spini asiyoifahamu. Kama hujawahi kuwa na mwenza wa vinundu virefu, au mkataji anayesimama mita kadhaa nyuma ya meza na kurudisha kila kitu kwa spini ya nyuma, au mtu wa mkono wa kushoto ambaye sevu zake zinakimbia upande usiouzoea, basi siku ya mechi unajifunza mbele ya mwamuzi. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na mara nyingi si kwa woga: mji una mipira ambayo shamba halina.

Walioelewa hili mapema kuliko wote ni Wachina. Kuelekea mashindano ya dunia ya mwaka 1961 yaliyofanyika Beijing, Wajapani walikuwa wamebuni pigo jipya lenye spini ya mbele kali mno, lililokwenda kwa tao na kuruka ghafla baada ya kudunda. China ilipata habari zake. Baadhi ya wachezaji wa timu ya taifa waliweka kando mtindo wao wenyewe, wakajifunza pigo lile la Wajapani, wakawapigia wenzao siku baada ya siku mpaka likawa la kawaida. Katika fainali ya timu za wanaume China iliishinda Japani 5 kwa 3, na Zhuang Zedong akatwaa ubingwa wa mmoja mmoja, wa kwanza kati ya mitatu mfululizo. Waliokuwa wakiigiza pigo la Wajapani hawakumbukwi sana nje ya nchi yao. Mimi nawaona kuwa ni sehemu ya ushindi ule sawasawa na waliosimama mezani.

Kutokana na fikra hiyo kazi ya mwenza wa mazoezi imekuwa taaluma kamili nchini China. Timu ya wanawake kwa miaka mingi imefanya mazoezi na wanaume ambao jukumu lao ni hilo, wapige mpira mzito kuliko ule ambao wanawake hao watakutana nao kwenye mechi, na mara nyingi waigize mtindo wa mpinzani fulani anayetarajiwa.

Kuna njia nyingine ya kufika palepale, nayo ni kundi la wachezaji wazuri waliokua pamoja. Uswidi ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ilikuwa hivyo. Mwaka 1989 mjini Dortmund iliifunga China 5 kwa 0 kwenye fainali ya timu, na fainali ya mmoja mmoja ikawakutanisha wenza wawili wa timu hiyo, Jan-Ove Waldner na Jörgen Persson. Waldner alishinda. Mwaka 1991 mjini Chiba wakakutana tena fainali, na safari hii akashinda Persson. Nchi ndogo kiidadi ilikuwa na watu wa kutosha wanaoulizana maswali magumu kila siku.

Kuzoeana kupita kiasi

Watu wawili wakicheza pamoja miaka mingi hutokea jambo ambalo wao hawalioni. Sevu yangu ninayoiamini imeacha kumsumbua, kwa sababu ameshaikariri, kwa hiyo nimeiacha, na pengine ndiyo sevu ambayo ingemsumbua mtu mwingine yeyote. Yeye anajua nikibanwa nitapeleka mpira upande wa bekihendi yake, kwa hiyo anausubiri huko, na mimi nimeanza kuamini kwamba bekihendi yake haipitiki. Tumekuwa tunafanya mazoezi ya kumshinda mtu mmoja.

Dawa ya kwanza ni kubadilisha watu, hata mara moja kwa wiki. Pale ambapo watu hawapo, kubadilisha masharti kunasaidia sana. Tangu mwaka 2001 seti inachezwa hadi pointi 11, kwa hiyo kila pointi ni nzito, na mnaweza kuutumia uzito huo. Anzeni seti kila mara 8 kwa 8. Au mmoja aanze nyuma, 4 kwa 8, na aambiwe atafute njia. Au mmoja asevu seti nzima na mwingine apokee tu. Au mwenza akatazwe kutumia bekihendi, ili akulazimishe uone upande ambao humpelekei mpira. Ghafla mtu uliyemjua anakuwa mgeni kidogo.

Kazi ya anayelisha

Kwenye zoezi kuna anayepiga na kuna anayelisha, na wanabadilishana. Kosa la kawaida la anayelisha ni kutaka kushinda zoezi. Mwenzake yuko katikati ya mpira wa kumi na mbili, mguu umeanza kukubali, na yeye anaona nafasi, anapiga mpira wa kuua upande usiohusika. Nilikuwa na tabia hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na aliyenitoa humo hakuniambia neno. Siku moja aliweka raketi mezani, akaenda kuuokota mpira taratibu, akarudi, akaanza upya. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya tano sikupiga.

Anayelisha yuko mazoezini pia. Anapozuia anafanya kazi ya mguso, ya kuweka mpira mahali, ya kurudi mahali pake baada ya kila mpira. Anayesimama wima kama mlingoti akisubiri zamu yake amejinyima nusu ya muda wake. Mkipanga saa moja na nusu, dakika kumi za mwanzo za kupasha mwili zikitoka, kila mmoja apewe muda sawa wa zoezi alilolichagua mwenyewe, na alichague kabla ya kufika. Kuulizana "leo tufanye nini?" mkiwa mmeshashika raketi kunakula muda, na mara nyingi jibu linakuwa mechi, kwa sababu mechi haihitaji kufikiri.

Sevu zinataka uangalifu wa peke yake. Ni kweli unaweza kuzifanya ukiwa mwenyewe na kapu la mipira, na unapaswa. Lakini peke yako huwezi kujua kama spini yako inaonekana. Mpe mwenzako kazi ya kupokea sevu ishirini na kutaja kwa sauti spini anayoiona, kabla raketi yake haijaugusa mpira. Akitaja sawasawa mara kumi na nane, sevu hiyo bado haina siri, hata kama wewe unaiona inazunguka sana.

Halafu acheni dakika tano za mwisho za kuzungumza, kabla ya kufuta jasho na kuagana. Wengi huulizana nani alicheza vizuri, swali ambalo halina manufaa. Muulize mwenzako hivi: katika mipira yangu yote ya leo, ni upi uliokupa kazi ndogo kuliko yote? Mwenza wa kweli atafikiri kidogo, kisha atakujibu kitu mahususi: "Ile sevu yako ndefu ya bekihendi. Naijua inakuja tangu unapoinua kiwiko."